Jina la Kadi

Verlin Stidham alikuwa akiihutubia friji. Alisimama mbele yake, kofia mkononi, kama atakavyosimama kesho yake mbele ya waheshimiwa, akakohoa, akaanza upya kwa mara ya sijui ngapi.

"Waheshimiwa, mimi ni mtu wa kazi. Nimepasua mbao tangu nikiwa kijana..." Akanyamaza. "Glenna, niseme kijana, au niseme mtoto?"

"Sema unavyotaka," mkewe alijibu, akiutoa mkate wa mahindi kwenye oveni pamoja na kikaango chake cha chuma.

"Mtoto. Inagusa zaidi." Akaigeukia friji. "Nimepasua mbao tangu nikiwa mtoto. Kiwanda kilipofungwa sikukaa barazani kungoja mkono wa serikali. Nachonga mipini ya shoka, nauza mwenyewe. Sijawahi kula Medicaid hata siku moja, na hao wanaoila bila kufanya kazi, naomba waondolewe. Mimi na mke wangu tuna Hickory yetu, hatumsumbui mtu." Akamtazama mkewe. "Imekaaje?"

Kila alipofika hapo kwenye Hickory, Glenna aliinamia mkate wake. Alikuwa amesimama tangu alfajiri katika jiko la shule, akichota viazi vya watoto wa watu, na miguu ilimwaka moto.

"Hapo mwisho ungepaacha," alisema.

"Wapi?"

"Pa Hickory. Hayo ni mambo ya nyumbani."

"Hapo ndipo penyewe, mke wangu! Ndugu Royce kasema hapo ndipo patakapowachoma. Mtu akijituma, bima yake anaipata kwa jasho lake."

Ndugu Royce Tackett alikuwa shemasi wa kanisa lao na fundi wa matairi, na ndiye aliyempendekeza Verlin kwa mbunge wa jimbo. Mheshimiwa alitaka mtu mmoja wa kawaida, mwenye mikono yenye sugu, aseme mbele ya kamati kwamba muswada mpya, wa kuwaondoa wasiofanya kazi kwenye Medicaid, ni mzuri. Royce hakufikiri mara mbili. Mikono yenye sugu kuliko ya Verlin kaunti ile haikuwa nayo.

Sasa, tusizunguke mbuyu. Hickory ndiyo Medicaid. Ilikuwa bima ileile ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ila jimbo lilionea haya jina lake, likaibatiza jina la mti na kuichorea kadi jani la kijani. Watu wengi pale walikuwa nayo, na nusu yao wangeapa kwa Biblia kwamba Medicaid hawajawahi kuigusa. Verlin ndiye aliyekuwa bingwa wao. Hickory ndio mti aliochongea mipini, mti mgumu usiotaka mzaha, na hakuona vipi kadi ya wavivu ingepewa jina kama hilo. Aliamini inatoka shuleni, kwa kazi ya mkewe.

Shule haikuwa na bima kwa wanawake wa jikoni. Glenna alijua, maana ni yeye aliyejaza maombi hospitalini siku Verlin alipoanguka bandani kwake, wakati madaktari wakimtia vibomba viwili vya kuzibua mishipa ya moyo. Alipozinduka, Glenna hakumwambia. Alikwisha kumsikia mara nyingi akisema siku atakayolishwa na serikali wamchimbie kaburi, na alimfahamu vya kutosha kujua kwamba huyu si mtu wa kusema tu. Maskini jeuri. Daktari alikuwa amesema dawa za damu zikikosekana, vibomba vinaweza kuziba. Basi Glenna akaona heri uongo wenye mume kuliko ukweli wenye matanga.

* * *

Jioni ile alimfuata bandani, ameazimia. Asubuhi nesi wa kliniki, Bi. Dortha, alikuwa amemshika mkono kwenye mlango wa shule na kumweleza muswada unavyosema. Kila mwezi mtu atatakiwa kuthibitisha saa zake za kazi kwa karatasi ya mshahara. Asiyeweza, kadi yake inakatwa.

"Mzee wako ana karatasi ya mshahara?" Bi. Dortha aliuliza.

"Ana mipini."

"Basi yeye ndiye wa kwanza. Njoo useme kesho, Glenna. Watu wanaogopa. Nimeuliza wengi, kila mmoja ananiambia atakuwa na mgeni."

Verlin alikuwa amekaa juu ya gogo, akivuta kisu chake cha mikono miwili juu ya kipande cha mti, na maganda membamba yakimwangukia magotini. Alipomwona alitabasamu. Mambo ya kuitwa na mbunge yalikuwa yamemrudishia uso aliokuwa nao zamani, kabla kiwanda hakijafungwa, na Glenna alimwonea huruma kwa hilo.

"Verlin, nina neno."

"Shika hapa kwanza. Usikie uzito." Akampa mpini. "Mti huu haukatiki hovyo. Unapinda kidogo, unarudi. Kila nikiiona ile kadi nasema, aliyechagua jina hili alikuwa anamjua mtu wa kazi."

"Kuhusu hiyo kadi..."

"Wameiongezea malipo? Kama shule wanataka kukukata zaidi kwenye mshahara, usigombane nao. Nitachonga zaidi." Akapumua, akaweka kiganja kifuani kidogo, akakiondoa haraka alipoona anatazamwa. "Sema, mama."

Glenna aliutazama mpini mkononi mwake. Kama angesema pale, Verlin angeweka kisu chini, angeingia ndani, angevimwaga vidonge chooni. Aliyaona yote kama yamekwisha kutendeka.

"Chakula kiko tayari," alisema.

* * *

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa mahakama ya kaunti. Ulikuwa umejaa, na mashine ya joto ilikuwa imeharibika, hivyo watu walikaa ndani ya makoti. Mlangoni palikuwa na msichana wa kuandikisha wasemaji. Verlin aliandikisha jina lake kwa herufi kubwa, akaenda mbele kukaa karibu na Ndugu Royce. Glenna akabaki nyuma yake, na msichana akamuuliza, "Na wewe mama, unasema au unasikiliza?"

"Nasema," akajisikia akijibu. Maji ameshayavulia nguo.

Verlin alisema vizuri. Hakusahau neno. Alisema mtoto badala ya kijana, na kweli iligusa, kwa maana mzee mmoja pembeni alitikisa kichwa kwa huzuni. Mheshimiwa, mwanamke nadhifu mwenye miwani myekundu, alimsikiliza ameshika kidevu. Kisha Verlin akafika pale pa Hickory.

"Mimi na mke wangu tuna Hickory yetu, hatumsumbui mtu."

Nyuma mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha kushtuka, kisha akakohoa kukifunika. Wengine walitazama sakafu. Mjumbe mmoja wa kamati alimwinamia mwenzake akamnong'oneza, na mwenzake akabana midomo. Mheshimiwa alijua. Glenna alimwona anavyojua, alivyofungua kinywa na kukifunga, halafu akasema kwa sauti ya asali, "Ahsante sana, Bwana Stidham. Laiti tungekuwa na wengi kama wewe."

Kamati ikapiga makofi, na Verlin akarudi kwenye kiti akiwa amenyooka. Royce akampiga bega.

Yalipofuata majina mengine, la daktari wa meno na la muuza magari mabovu, Glenna hakusikia mtu alisema nini. Alisikia lake. Alitembea hadi kwenye kipaza sauti akiwa bado na viatu vyeupe vya jikoni, na Verlin aligeuka kumtazama kwa mshangao, akaanza kutabasamu, akidhani mkewe amekuja kumuunga mkono.

"Naitwa Glenna Stidham. Aliyesema mwanzo, yule wa mipini, ni mume wangu. Yote aliyoyasema ni kweli isipokuwa moja, na hilo moja kosa ni langu." Akamgeukia mumewe. "Hickory ndiyo Medicaid. Verlin, baba, nisamehe. Ndiyo hiyohiyo. Wameibadilisha jina tu."

Akawageukia wajumbe wa kamati.

"Ana vibomba viwili moyoni. Dawa zake kwa mwezi zinazidi ninacholipwa shuleni. Mnataka karatasi ya mshahara. Mti hauandiki karatasi ya mshahara. Huyu mtu anafanya kazi mpaka namwambia apumzike, na muswada wenu utamkata yeye kabla ya hao wavivu mnaowatafuta. Mmempigia makofi, sawa. Lakini jueni ni nani mliyempigia makofi."

"Muda wako umekwisha, mama," alisema mheshimiwa.

"Najua," alisema Glenna. "Ndiyo maana nimekuja."

Alipogeuka, kiti cha Verlin kilikuwa kitupu.

* * *

Alimkuta ndani ya pikapu, mikono juu ya usukani, injini haijawashwa. Glenna aliingia, akaketi kando yake.

"Tangu lini?" Verlin aliuliza.

"Tangu moyo."

"Muda wote huo nameza vya serikali."

"Muda wote huo uko hai."

"Hukunipa hata nafasi ya kukataa."

"Ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa!" Akapiga usukani, honi ikalia, na watu waliokuwa wakitoka ukumbini wakageuka kutazama. Akainamisha kichwa. "Mbele ya kaunti nzima, Glenna. Mbele ya Royce. Ungeniambia jikoni. Ungeniambia nikiwa na friji peke yake."

Hapo Verlin alikuwa na haki. Glenna alikuwa amemficha ukweli ili asife, na sasa amemvua nguo hadharani ili asife, na hakuna hata mara moja aliyomuuliza. Alilia kidogo, kimyakimya, akatazama nje.

Nyumbani Verlin alikusanya chupa zote za dawa, akazipanga juu ya meza.

"Zirudishe."

"Wapi?"

"Zilikotoka."

"Verlin, duka la dawa halipokei dawa iliyokwisha funguliwa."

"Basi zikae hapo. Mimi sizimezi."

Na kweli hakuzimeza. Siku ya kwanza Glenna alimwekea kidonge kando ya kikombe cha kahawa, akakikuta palepale. Siku ya pili alibembeleza, akaambiwa aache. Alimwita kwa jina la utani walilokuwa wakitumia wakiwa wachumba, na Verlin akaondoka mezani. Kufikia siku ya tatu alikuwa akisimama katikati ya ngazi za bandani, akijifanya anatazama mawingu, huku kifua kinapanda na kushuka.

Huko ndiko Glenna alikomfuata. Hakuwa na machozi tena, alikuwa na hasira iliyochoka.

"Unachonga nini?"

"Mpini. Unaona."

"Acha mpini. Chonga jeneza."

Kisu kilisimama.

"Hickory ipo tele," Glenna aliendelea. "Chonga kabisa, upime na urefu wako, maana mimi la kununua sina hela. Halafu uniambie nimwambie nani, nikisimama kanisani, kwamba mume wangu kauawa na jina la kadi."

"Unanikejeli."

"Nakukejeli, ndiyo. Kubembeleza kumenishinda." Akaketi juu ya rundo la maganda. "Nilikuwa na njia mbili, Verlin. Nikuaibishe au nikuzike. Kaa ufikiri, ungekuwa wewe, mimi ndiye mwenye moyo mbovu, ungefanya lipi?"

Verlin alirudi kwenye mpini wake. Baadaye aliingia ndani, akala maharage yake, akalala mapema. Kidonge kilibaki kando ya kikombe.

* * *

Ijumaa karatasi ya habari ya mheshimiwa ilifika kwenye sanduku la barua, kama ilivyofika kwenye kila sanduku la kaunti. Verlin ndiye aliyeichukua. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha yake, kofia mkononi, na chini yake maneno meusi: MTU WA KAZI ASEMA, WAONDOLEWE. Alisimama jikoni akiisoma, midomo ikicheza. Akaigeuza, akatafuta nyuma, akairudia mbele.

"Wewe hupo," alisema.

"Nini?"

"Hupo humu. Nimekuwepo mimi, amekuwepo yule daktari wa meno, yupo hata yule mpumbavu wa magari mabovu. Wewe hawakukuandika." Akaiweka mezani, akaipigapiga kwa kidole. "Na mimi wamenikata mwisho. Pa Hickory wamepakata. Royce alisema hapo ndipo penyewe."

Glenna alikuwa anaosha kikaango, akaendelea kuosha. "Ulidhani wangepaacha?"

"Kwa hiyo yule mama alijua. Nikiwa nimesimama pale, alijua."

"Alijua kabla hujakaa."

"Na akasema ahsante."

Alikaa chini polepole. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na Glenna hakujua kama ni moyo au aibu. Alizitaja tena, kwa sauti ya chini, zile sentensi zake alizofanyia mazoezi kwa friji, na safari hii zilimtoka kama za mtu mwingine.

"Kesho naenda kuchukua dawa za mwezi ujao," Glenna alisema. "Zimeshaandaliwa. Sikuulizi kama utazimeza. Nazichukua kwa sababu bado ni zetu, na sijui mwezi mwingine zitakuwa za nani."

Jumamosi alipotoka na mkoba wake, Verlin alikuwa amekwisha kaa ndani ya pikapu.

* * *

Duka la dawa lilikuwa na foleni. Pale wana adabu yao: binti wa kaunta, Marlee, akifika kwenye malipo huinama na kuuliza kwa mnong'ono, "Hickory?" na mteja huitikia kwa kichwa, na mambo huisha bila jirani kusikia. Watu wanampenda Marlee kwa hilo.

Walipokaribia kaunta, mkono ulimpiga Verlin begani.

"Mtu wa kazi mwenyewe!" Alikuwa Ndugu Royce, ametoka kwenye matairi, mikono myeusi. "Nimeibandika ile karatasi ukutani dukani. Kila mteja namwonyesha." Akamwona Glenna, akapunguza sauti. "Na yale ya Dada Glenna tumeyasamehe. Mwanamke akiwa na hofu husema mengi."

Glenna aliona shingo ya mumewe ikikakamaa. Alimshika kiwiko. Hakutaka lingine la kusemwa hadharani, si kwa wiki hiyo, si kwa maisha yake yote.

"Bwana Stidham," aliita Marlee, akaweka mfuko juu ya kaunta, akainama. "Hickory?"

Verlin hakuitikia kwa kichwa.

"Umeniuliza nini, binti?"

Marlee akamtazama Glenna akiomba msaada. "Nimeuliza tu... kama ni Hickory."

"Sema kwa sauti. Mimi sikio hili liliharibiwa na misumeno."

"Hickory, mzee?"

"Hapana. Ni Medicaid." Alisema kwa sauti ileile aliyoihutubia friji. "Medicaid ya Verlin Stidham. Andika hivyo, kama pana mahali pa kuandika."

Mama mmoja aliyekuwa anachagua kadi za siku ya kuzaliwa aliacha kuchagua. Verlin aligeuka, polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa fupi.

"Ndugu Royce, ile karatasi ibandue. Na mke wangu hakusema kwa hofu. Mwenye hofu alikuwa mimi." Akachukua mfuko wake. "Haya, sogea, ni zamu yako."

Royce hakusogea. Alikuwa ameshatoa kadi yake tayari mkononi, kama kawaida ya mtu aliyekaa kwenye foleni, na sasa vidole vyake vyeusi vilijikunja juu yake. Havikujikunja upesi vya kutosha. Glenna aliliona jani la kijani.

"Waache wengine watangulie," Royce alimwambia Marlee. "Mimi sina haraka."

* * *

Ndani ya pikapu Verlin alipasua mfuko, akatoa kidonge, akakimeza kikavu, akakunja uso. Glenna alimtazama koo likishuka na kupanda, akajikuta hana hata nguvu za kufurahi.

"Kura ni lini?"

"Alhamisi. Makao makuu ya jimbo."

"Wanaruhusu watu kusema?"

"Wanaruhusu. Hawasikilizi, lakini wanaruhusu." Alifuta macho kwa mkono wa koti. "Bi. Dortha anasema huenda muswada utapita hata hivyo. Anasema wana kura za kutosha."

"Hili gari litafika?"

"Likitiwa oili."

Verlin aliwasha injini, akaizima tena. Alivua kofia, akaishika mkononi, akatazama mbele, kwenye ukuta wa duka.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi ni mtu wa kazi. Nimepasua mbao tangu..." Akanyamaza, akamgeukia. "Niseme kijana, au mtoto?"

"Anza na jina la kadi," alisema Glenna. "Kabla hawajakukata."